Inawaka, lakini si safi: namna ya kupima picha na sauti ya diski ya filamu

Jumamosi moja, nyumbani kwa jirani yangu hapa Katindo, kulizuka ubishi ambao nimeshausikia mara nyingi Goma, ila safari hii vielelezo vilikuwa mezani. Muzee alikuwa na diski mbili za filamu ileile, filamu ya mapigano ya Hong Kong ya miaka ya 1970 aliyoipenda tangu ujana wake. Moja aliletewa na mkwewe kutoka Ubelgiji, ndani ya kasha gumu. Nyingine aliinunua mwenyewe sokoni Birere kwa bei ya soda, imefungwa kwenye nailoni, na juu ya karatasi yake pameandikwa "HD 1080p" kwa herufi kubwa kuliko jina la filamu.

Akaanza na ya Birere. Kioo kikawaka. Nguo nyekundu zikawa nyekundu kama nyanya, na kila pembe ya nyumba ikajitokeza kama imepitishiwa kalamu. Akaitoa, akaweka ya Ubelgiji. Picha ikapoa. Rangi zikawa za udongo, vivuli vikarudi, na juu ya kila kitu vikaonekana vijichembe vinavyochezacheza kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha.

"Umeona?" akaniambia. "Hii ya Ulaya iko giza-giza. Ile ingine inawaka."

"Inawaka, muzee, lakini iliyo safi ni hii."

"Mwana yangu, macho yangu haiko mubaya."

Na kweli macho yake ni mazima. Kilichotugombanisha ni lile neno "safi", maana tunalitumia kama gunia. Ndani yake tunatia maswali ambayo hayafanani: vitu vidogo vinaonekana kiasi gani? Giza na mwanga vimekaa mahali pake? Rangi ni zile alizozitaka mpiga picha? Watu wakikimbia, picha inavumilia au inavunjika? Halafu kuna swali moja ambalo wachache hujiuliza: kuna kitu kimeongezwa ambacho hakikuwemo? Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kiini cha ubishi wetu, lakini haliwezi kueleweka kabla hatujajua diski inabeba nini.

Posho ya kila sekunde

VCD, diski ya video iliyotangulia DVD, ilipotoka mwaka 1993, picha yake kwa PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, ilikuwa na pikseli (vinukta vinavyounda picha) 352 kwa 288. Diski moja ilibeba kama dakika 74, ndiyo maana filamu ilikuja kwa diski mbili, na waliokulia kwenye kumbi za video wanakumbuka vita ikikatika katikati huku mwenye ukumbi akipekua sidi ya pili kwa tochi. DVD ilianza kuuzwa Japani Novemba 1996, na picha yake ni 720 kwa 576 kwa PAL, au 720 kwa 480 kwa NTSC, mfumo wa Marekani na Japani. Blu-ray ikafuata mwaka 2006 na 1920 kwa 1080, ndiyo hiyo "1080p". Ukizidisha, DVD ya PAL ina pikseli 414,720 na Blu-ray ina 2,073,600. Ni mara tano kamili.

Kwa hiyo "1080p" iliyoandikwa juu ya DVD ya filamu ya kawaida ni pambo la karatasi. Kanuni za DVD haziruhusu ukubwa huo. Mtu anaweza kuweka faili la 1080p ndani ya diski ya DVD kama anavyoliweka kwenye flashi, lakini deki ya zamani italikataa. Kama deki yako ya miaka kumi na tano imeicheza bila kulalamika, umeshapata jibu. Na zile deki zenye HDMI, tundu la waya wa kidijitali wa kwenda kwenye televisheni, zinazojisifu kwamba zinapandisha DVD hadi 1080p? Zinakisia tu. Pikseli moja inatazama majirani zake, na deki inajaza nafasi katikati. Kukisia vizuri kunasaidia, ila hakurudishi undani ambao haukuwemo.

Hata hivyo, pikseli si jambo kubwa kama wauzaji wanavyotuaminisha. Jambo kubwa ni posho. Filamu haiwekwi kwenye diski picha kwa picha, nzimanzima, kwa sababu isingeenea. Mashine inaangalia kilichobadilika tangu picha iliyotangulia, inaandika mabadiliko, na inatupa yale inayodhani jicho halitayaona. Itupe mengi au machache? Inategemea kila sekunde ya filamu imepewa biti ngapi za kutumia, yaani vipande vidogo kabisa vya habari. VCD inatoa megabiti 1.15 kwa picha ya kila sekunde. DVD inaweza kufika 9.8, na Blu-ray 40.

Sasa chukua ile diski tunayoijua wote, "filamu 10 ndani ya 1". DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7. Gawanya kwa kumi: kila filamu inapata megabaiti 470. Kama filamu ni ya dakika 100, posho yake ni kama megabiti 0.63 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Hiyo ni chini ya nusu ya VCD, nayo ukihesabu picha na sauti pamoja! Filamu moja ya saa mbili ikikaa peke yake kwenye diski hiyohiyo ingepata zaidi ya megabiti tano, na kwenye diski ya tabaka mbili, ya gigabaiti 8.5, zaidi ya tisa. Ni kweli kwamba diski nyingi za kumi-ndani-ya-moja hutumia ubanaji mpya kuliko ule wa VCD, unaoshiba kwa chakula kidogo, kwa hiyo tofauti si mbaya kama hesabu inavyotisha. Lakini familia ya watu kumi inayokula sahani moja haishibi hata mpishi awe hodari vipi.

Hapa nitoe neno la kuwatetea wachomaji wa Birere. Kunakili si kosa la ubora. Biti zikinakiliwa zote, kopi na asili ni kitu kimoja, hata kama moja ina tumbo la fedha la kiwandani na nyingine tumbo la zambarau. Uharibifu unaingia pale diski ya gigabaiti 8.5 inapolazimishwa kuingia kwenye diski tupu ya 4.7, ambayo ndiyo ya bei nafuu. Karibu nusu ya posho lazima itupwe, na mashine inafanya hivyo kwa kubana kitu ambacho tayari kilikuwa kimebanwa.

Njaa ya posho usiitafute kwenye uso wa mtu aliyekaa kimya. Hapo mashine haina kazi. Diski mbovu kabisa itapendeza. Itafute pale kila kitu kinapobadilika kwa wakati mmoja: mvua, moshi, majani kwenye upepo, umati unaokimbia. Mimi hupenda maji. Simama ufukweni Himbi siku ziwa Kivu limechafuka, utaona kila kiwimbi kina safari yake na hakuna kinachojirudia. Mashine ya kubana haipendi kabisa kitu kama hicho. Ikikosa biti inakata maji vipandevipande, miraba midogo kama sakafu ya vigae, na miraba hiyo inayeyuka mara tu picha inapotulia. Ukiiona kwenye maji mara moja moja, samehe. Ukiiona kwenye ukuta mtu anapopita tu, diski hiyo ina njaa.

Alama ya pili iko angani. Sisi wa Goma hatuhitaji kufundishwa hii, maana tuna Nyiragongo. Usiku usio na mawingu mengi, mlima ukiwa unawaka, wekundu wa volkano unaanza mzito juu ya mdomo wa mlima, unapungua, unapungua tena, hadi unamezwa na giza, na hakuna mtu anayeweza kuonyesha kwa kidole mstari ambapo wekundu umeishia. Diski yenye njaa haiwezi hilo. Inageuza kufifia huko kuwa ngazi: wekundu wa kwanza, mstari, wekundu wa pili, mstari, kama matuta ya shamba kwenye mteremko wa Masisi. Tahadhari moja: televisheni za bei rahisi nazo huchora ngazi hizo zenyewe. Kabla ya kuihukumu diski, weka nyingine unayoiamini utazame anga lake.

Kalamu, mafuta na vijichembe

Turudi kwa muzee na pembe zake za nyumba. Kuna njia mbili za kuifanya picha ionekane kali. Ya kwanza ni kuwa na undani wa kweli: uzi wa shati, vinyweleo vya mkono, mikunjo ya jicho. Ya pili ni kudanganya. Programu inatafuta kila mahali ambapo kitu cheusi kinakutana na cheupe, inaukoleza mpaka huo, na kando yake inaacha uzi mweupe. Jicho linaona mpaka mkali, linaambia ubongo picha ni safi. Hakuna kilichoongezeka isipokuwa ule uzi.

Ukitaka kuukamata, tafuta kichwa cheusi mbele ya anga jeupe, ukingo wa paa, au waya za umeme. Kwenye diski ya Birere nilimwonyesha muzee bega la mpiganaji mbele ya ukuta wa chokaa. Bega lote lilikuwa limezungushiwa chaki. Alisogea hadi pua ikakaribia kioo, akarudi nyuma, akanyamaza kidogo. Niseme wazi kwamba ugonjwa huu haukuanzia kwa wachomaji. DVD halali nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilitiwa kalamu hivyohivyo na kampuni zenyewe, kwa sababu kwenye televisheni ndogo za mgongo zilipendeza. Kioo kipana cha leo kinawaumbua.

Halafu kuna vile vijichembe vilivyomuudhi. Filamu ya miaka hiyo ilipigwa kwenye mkanda wa milimita 35, na juu ya mkanda hakuna pikseli. Picha inaanza na chembe za fedha zinazoitikia mwanga, na kwenye mkanda wa rangi nafasi yake huchukuliwa na vidoa vya rangi, vyote vimetawanyika bila mpangilio, tofauti kwenye kila picha. Undani wote wa filamu umeandikwa kwa chembe hizo. Hazikai juu ya picha kama vumbi juu ya meza. Ndizo picha yenyewe. Ukiiambia programu izifute, itafuta pamoja nazo vinyweleo, jasho, na ufumaji wa nguo. Zile sura kwenye mabango ya saluni zetu, nyuso laini zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, hazina kovu wala kishimo: ndivyo mpiganaji wa Birere alivyokuwa. Tena akigeuza kichwa, ndevu zake zilipotea, zikarudi alipotulia. Ukiona ngozi inayofutika ikitembea na kurudi ikisimama, chembe zimefutwa.

Lakini usije ukatetea kila doa kwa jina la chembe. Chembe za mkanda zimeenea picha nzima, ndogo, karibu hazina rangi, na zinacheza kwa utulivu. Vijana wetu wanaopiga filamu za usiku kwa kamera ndogo za kidijitali wanapata kitu kingine: madoa mekundu na ya buluu yanayochemka gizani tu, na mahali penye mwanga hayapo. Hiyo ni kamera iliyokosa mwanga. Na kuna aina ya tatu, ile inayoruka kuzunguka herufi za tafsiri chini ya picha na kuzunguka kichwa cha mtu, kama mbu kuzunguka balbu. Hiyo ni njaa ya posho tena.

Kuhusu weusi, sisi tunaoishi juu ya mawe ya lava iliyomwagika mjini mwaka 2002 tunajua weusi kuliko watu wengi. Pita barabara ya mjini baada ya mvua. Lava ni nyeusi kweli, lakini ndani ya weusi huo unaona kila tundu, kila ncha, maji yaliyotuama kwenye nyufa. Giza zuri kwenye filamu linapaswa kuwa hivyo: jeusi, na ndani yake mna vitu. Diski ikitengenezwa vibaya inakosea kwa moja ya njia mbili. Au giza linakuwa shimo, koti jeusi la mtu linameza mikono yake na hujui kama amevaa koti au blanketi. Au giza linainuliwa hadi kijivu cha majivu, kila kitu kinaonekana lakini usiku umekuwa jioni ya saa kumi na mbili. Macho yetu husifia kosa la pili kwa sababu "linaonyesha". Mtu aliyepiga eneo lile usiku hakukusudia tuone hadi kona ya chumba.

Mguu unaotoka hewani

Umbo la picha halihitaji maneno mengi, ila ndilo kosa linaloiba filamu nyingi kuliko mengine yote. Filamu nyingi za mapigano za Hong Kong za wakati ule zilipigwa kwa picha pana, upana mara 2.35 ya kimo. Ukiikata ili ijaze televisheni ya zamani ya 4 kwa 3, umetupa zaidi ya asilimia 43 ya picha. Mpiganaji anapigwa na mguu unaotoka hewani, kwa sababu mwenye mguu amebaki nje. Ukiivuta badala ya kuikata, wote wanakuwa warefu na wembamba. Mistari myeusi juu na chini, ambayo watu wengi hudhani inaficha picha, ndiyo dalili kwamba umepewa picha nzima.

Ila mistari myeusi nayo ina siri yake. Kwenye DVD ya PAL iliyotengenezwa kwa kioo cha 16 kwa 9, filamu pana inapata mistari kama 436 ya picha halisi kati ya 576. Ileile ikitengenezwa kwa njia ya zamani ya 4 kwa 3 inapata kama 327 tu, na nyingine zote zimekwenda kwenye weusi. Kwenye televisheni ya leo utaitambua mara moja: picha inakuwa kisiwa, weusi juu, chini, kushoto na kulia. Unaweza kuikuza kwa telekomande, lakini unakuza umaskini.

Sasa aibu ya diski ya Ubelgiji, maana nayo ina yake. Mkanda wa sinema unapita picha 24 kwa sekunde. PAL inataka 25. Kwa DVD za Ulaya, suluhisho la kawaida limekuwa kuikimbiza filamu yote kwa asilimia 4, na sauti pia. Filamu ya dakika 120 inaisha kwa 115, na kama hawakuirekebisha, sauti inapanda karibu nusu-toni. Wengi hawasikii. Jirani mwingine, mwalimu wa kwaya, alisikia papo hapo: "Huyu muzee wa kwenye filamu anaongea kama ametoka kupanda ngazi." Diski ya Birere, ambayo pengine ilitolewa kwenye chanzo cha NTSC au Blu-ray, ilikuwa na kasi sahihi. Basi alama moja nikaipa Birere, na muzee akahakikisha kila mtu chumbani amesikia.

Sauti kubwa na sauti nzuri

Ukilinganisha sauti mbili, ile iliyo juu kidogo itashinda, hata kama ni mbovu. Sikio limeumbwa hivyo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha diski mbili, sawazisha sauti kwa mazungumzo ya kawaida, siyo kwa muziki wala kwa mlipuko. Ndipo usikilize.

Sikiliza herufi. S na SH za mtu anayeongea polepole zinatakiwa kuwa kavu, kama upepo kwenye majani. Sauti iliyobanwa mno inazifanya zilie kama maji yanayopita kwenye bomba bovu, na matoazi kwenye muziki yanageuka mchakacho mmoja. Kisha sikiliza tofauti ya mnong'ono na kelele. Filamu iliyotengenezwa vizuri hukulazimisha usogee mtu anaponong'ona, na hukushtua mlango unapobamizwa. Kwenye diski nyingi za sokoni vyote viwili vimesawazishwa. Na kama unasikia mwangwi wa ukumbi na mtu anacheka mahali ambapo filamu haichekeshi, mtu aliingia sinema na kamera. Hapo hakuna cha kupima.

Zile filamu zilizotafsiriwa na msimulizi ni jambo la pekee. Sauti zote za asili zimesukumwa nyuma kwenye mkondo mmoja, na juu yake anakaa msimulizi wetu anayeeleza, anayetania na anayemtukana adui kwa niaba yetu. Ni burudani halali na mimi naipenda, ila sauti ya filamu yenyewe huwezi kuipimia hapo.

Lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Wakiongea sisikii, muziki ukiingia majirani wanagonga ukuta." Tisa kati ya kumi watalaumu diski. Filamu nyingi za DVD zina sauti ya njia sita, ile inayoandikwa 5.1, na mazungumzo karibu yote yamewekwa kwenye njia ya katikati. Deki nyingi za bei rahisi zina matundu sita nyuma. Mtu anachomeka waya mbili tu, kushoto na kulia, lakini kwenye menyu deki imebaki ikiamini kuna spika sita. Njia ya katikati inatoka kwenye tundu lisilo na waya, na mazungumzo yanabaki humo. Nilienda nyuma ya deki ya muzee nikakuta ndivyo. Ukiingia kwenye menyu ya sauti ukachagua stereo, deki inachanganya njia zote sita ndani ya mbili, na watu wanaanza kuongea. Alikuwa amevumilia kwa miaka.

Mvumo nao usiulaumu bila kesi. Bonyeza kitufe cha kusimamisha filamu. Kama ile "mmmm" nzito inaendelea, diski haina hatia: ni umeme, ni waya, au ni ile mashine ya sola ya bei rahisi inayotoa umeme wa ngazi badala ya wimbi laini. Sauti ikitangulia midomo kwa kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho, mara nyingi ni televisheni inayochelewesha picha wakati sauti imepita moja kwa moja kwenye bafle, yaani spika. Ikianza sawa halafu ikazidi kuachana kadiri filamu inavyokwenda, hapo diski ilitengenezwa vibaya.

Kabla ya kuihukumu diski

Mkwaruzo hauleti ukungu. Nimelirudia hili mara nyingi hadi nimechoka. Diski inasomwa kwa biti: ama zimesomeka, na makosa madogo yanarekebishwa kimyakimya, ama hazikusomeka, na picha inaganda, inavunjika miraba, au inaruka. Hakuna njia ambayo mkwaruzo unaweza kuipauza picha au kuifanya laini. Vumbi letu la lava ni kali kama msasa, kwa hiyo futa kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje, usizungushe. Kwenye DVD habari zimelala katikati ya unene wa diski, milimita 0.6 chini ya uso. Kwenye Blu-ray ziko milimita 0.1 tu, ndiyo maana imepewa ngozi ngumu. Diski za kuchomwa zina adui wa ziada, jua, kwa sababu zinaandikwa juu ya rangi, na rangi hupauka. Diski iliyokaa mezani barabarani miezi mitatu imeshazeeka kabla hujailipia.

Kama televisheni yako ya zamani inaonyesha nyeusi na nyeupe tupu, pengine ni diski ya NTSC kwenye televisheni isiyoijua. Badilisha utoaji kwenye menyu ya deki. Kama diski ya Ulaya inakataliwa kabisa, ni mambo ya kanda: Congo iko kanda ya 5, Ufaransa na Ubelgiji kanda ya 2, ingawa deki nyingi za sokoni hazijali mipaka hiyo. Waya mmoja wa manjano unachanganya mwanga na rangi pamoja, na huleta nukta zinazotambaa kwenye kingo za rangi kali. HDMI haina hizo.

Blu-ray za 4K, zilizotoka mwaka 2016, zina pikseli mara nne ya Blu-ray ya kawaida. Kwenye kioo cha inchi 32 ukiwa umekaa mita tatu, hutaona faida ya pikseli hizo. Okoa pesa yako.

Televisheni yenyewe ndiyo mwongo mkubwa. Dukani huwekwa kwenye hali inayoitwa "dynamique" ili ishinde taa za duka na jirani zake ukutani. Ile ya muzee ilikuwa bado hivyo, toka siku iliponunuliwa. Menyu ilikuwa ya Kifaransa. Nikachagua "cinéma", nikashusha "netteté" hadi sifuri, maana kwenye televisheni nyingi kitufe hicho hakiongezi undani, ni kalamu ileile ya chaki, sasa ikishikwa na televisheni. Tukafunga pazia. Watoto walilalamika kwamba nimeharibu kioo. Niliwaomba dakika kumi, kwa sababu jicho lililozoea kung'aa linahitaji muda kidogo.

Tukaweka diski zote mbili upya, eneo moja tu: mwalimu mzee amekaa kando ya mto usiku, moto nyuma yake. Kwenye ya Birere maji yalikuwa vigae, na sura yake ilikuwa bango la saluni. Kwenye ya Ubelgiji maji yalikuwa maji. Moto ulififia taratibu kwenye giza bila ngazi hata moja. Shavuni mwa mzee yule palikuwa na kovu dogo, la kweli au la kupakwa, sijui.

Muzee akaomba turudishe nyuma. Akatazama kovu. Tukarudisha tena. "Hii filamu nimeiona tangu nikiwa kijana," akasema, "na hiyo kovu sijaionaka."

Akachukua kasha gumu, akafuta mkono kwenye suruali, akairudisha diski ya Ubelgiji ndani na kuiweka juu ya kabati, chini ya kitambaa. Kisha akageukia wajukuu kuuliza wanataka kuona nini. Wote wakajibu kwa mkupuo: ile ya Birere, kwa sababu ya Ulaya haiongei Kiswahili.